Tulimchagua Uwanja Ukiwa Mkavu

Jumapili ya mwisho ya Novemba. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito uliokaa juu ya mapaa ya jirani kama mgeni asiyejua ataaga vipi, na kabla ya saa nane mvua ikaanza, nyembamba, isiyo na ngurumo, ile inayonyesha bila haraka kwa sababu inajua siku ni yake.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nane. Lakini jambo nisipoliandika siku hiyo, kesho yake linakuwa jambo lingine, na baada ya wiki sijui tena kama lilitokea au niliota. Kwa hivyo naandika, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Leo timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilikuwa na mkutano wa kuamua kama mume wangu ataendelea kuwa kocha au aondoke. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Zile ringi mbili za uwanjani kwetu, na vyuma vinavyozishikilia, alivitengeneza yeye mwenyewe, na tangu wasichana waanze kucheza pale ndiye amekuwa akiwafundisha. Halipwi kitu. Jioni akitoka kazini hunywa chai akiwa amesimama, kisha huenda uwanjani, na akirudi uso wake unakuwa wa mtu mwingine, mdogo kuliko yule aliyeondoka. Nilijua kwamba wakimtoa, ule uso hautarudi tena nyumbani jioni. Yeye pia alijua, ingawa hakusema.

Shida ilikuwa yale mabadilishano ya Januari. Timu zetu ni za mtaa, hazina pesa za kununua mtu. Msimu ukiisha, makocha wanakutana na kubadilishana wachezaji, wewe nipe huyu, mimi nikupe yule, mchezaji mwenyewe akikubali. Mume wangu alimtoa msichana wetu mrefu kuliko wote akaenda timu ya upande wa Butali, na kutoka kule akaleta msichana mdogo mwenye mbio. Halafu akatoa mmoja mwingine, hodari wa kufunga lakini mdomo wake ulikuwa haupumziki, akaleta kutoka upande wa Sigalagala msichana anayetumia mkono wa kushoto. Msimu ukaja, tukafungwa na karibu kila mtu, na yule Mrefu tuliyemtoa akawa ndiye anayezungumziwa kote kuanzia Butali hadi Bukura.

Wasichana waliomba mimi niongee wa kwanza kwenye mkutano. Kisa na maana, mimi ndiye nashona jezi zao, sijawahi kukosa mechi ya nyumbani, na walisema, "Mama Fundi hapendelei mtu." Laiti wangejua ilivyo kazi kutopendelea mtu ambaye mnalala blanketi moja.

Asubuhi baada ya kanisa nilikaa kwenye cherehani ili nifikirie. Mikono yangu ikishika kitu, kichwa kinatulia. Jezi za msimu zilikuwa zimefuliwa, na kazi yangu ilikuwa kufumua namba. Nilishika ile iliyokuwa ya Mrefu. Januari niliikata chini nikaikunja pindo ili imtoshe yule mdogo, nikafumua namba ya zamani nikaweka mpya. Lakini kitambaa hakisahau. Ukikiinua mbele ya dirisha unaiona namba ya kwanza imebaki kama kivuli, mahali ambapo jua halikufika, na ile ya pili juu yake. Nilikaa nimeinua jezi hiyo sijui kwa muda gani. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Ukungu ulikuwa nyuma ya kitambaa, na nikawaona wote wawili ndani ya jezi moja, mrefu na mfupi, wakikimbia bila miguu kugusa chini.

Nikamkumbuka mama yangu, kwetu Lugari. Mama alikuwa akiona vifaranga wanazidi kuwa wadhaifu, anasema damu imezeeka, na anabadilishana jogoo na jirani. Jogoo wetu alienda kwao jioni ndani ya kikapu, amefunikwa leso asione njia, na wa kwao akaja kwetu vivyo hivyo. Alizungushwa nyumba kwanza ili achanganyikiwe, kisha akafungwa kwenye mguu wa meza mpaka asahau kwao. Na kulikuwa na sheria. Ukishabadilisha hulii. Jirani akija kukuambia jogoo wako wa zamani sasa anawika mpaka ng'ambo ya mto, unamwambia asante, basi. Mama alisema jogoo hahukumiwi kwa mwili wake, anahukumiwa vifaranga wake wakishaanza kutaga.

Nilifurahi nilipoikumbuka sheria hiyo. Nikafikiri, ndiyo hii nitakayosema mkutanoni, nitawaambia wangoje. Halafu nikaogopa ile furaha. Sheria inayokuja kichwani mwangu siku ile ile ambayo itamfaa mume wangu, ni lazima niiangalie mara mbili. Na tena wale si jogoo.

Basi nikaamua nikumbuke Januari yenyewe, jinsi ilivyokuwa, si jinsi inavyosimuliwa sasa.

Januari ni kiangazi. Vumbi jekundu lilikuwa juu ya saruji, na wasichana walikuwa wakipangusa soli za viatu kwa kiganja. Timu ya Butali ilikuja kwa mechi ya kirafiki. Yule mdogo alipewa mpira, na sijui niseme vipi. Umewahi kuona uzi wa shanga ukikatika, jinsi shanga moja inavyodunda sakafuni huku na kule na hakuna mkono unaoifikia? Ilikuwa hivyo. Aliwapita wetu wote, akampita Mrefu aliyekuwa amesimama chini ya ringi mikono juu, akafunga, akarudi akicheka. Watu walisimama. Mwenyekiti wetu, mama anayeuza viatu vya mitumba, alipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Mume wangu alinigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Huyo akiwa wetu, nani atatushika?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema hakuna. Nikumbuke hivyo, ni haki.

Mvua ilikuja Machi. Uwanja wetu uko bondeni kidogo, chini ya kanisa, na maji yote ya mtaa yanakuja kutusalimia. Yanatuama zaidi upande wa kushoto, chini ya ile ringi inayotazama barabara. Kabla ya kila mechi mume wangu huchukua ufagio mpana akayafagia, na maji yanamfuata nyuma yakirudi mahali pao, kwa upole, kama mbuzi. Kuna siku niliangalia wasichana wakicheza baada ya mvua na mawingu yote yalikuwa chini, ndani ya maji, na wao walikuwa wakikimbia juu ya mbingu. Ilikuwa nzuri kuangalia. Kwa mchezo haikuwa nzuri hata kidogo. Yule mdogo aliteleza mechi ya kwanza akaumiza nyonga. Akateleza tena. Baada ya hapo nilimwona akianza kuangalia chini kabla ya kuruka, na mtu wa mbio akianza kuangalia chini, mbio imekwisha.

Na Mrefu, kule, alikuwa anakimbia. Hilo hatukuwahi kuliona kwetu. Walipokuja kucheza nasi katikati ya msimu, alipita katikati ya maji yetu kwa miguu yake mirefu kama korongo, hana habari, akatufunga mpaka watu wa kwetu wakaanza kumshangilia yeye. Mume wangu alisimama kando na ufagio mkononi. Nilimwangalia, kisha nikaona haya kumwangalia.

Saa tisa tulienda mkutanoni, katika kile chumba cha watoto wa chekechea kando ya kanisa. Viti ni vidogo, magoti yanafika kifuani. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mtu alilazimika kupaza sauti hata kusema jambo la polepole. Mume wangu alikaa nyuma karibu na mlango. Yule mdogo alikaa kwenye kona. Wa mkono wa kushoto alikuwa karibu naye, wanashiriki koti moja.

Tulipoanza tu, mlango ukafunguka akaingia Mrefu, amelowa, kofia ya bodaboda mkononi.

"Wewe si wa timu hii," mchezaji wetu mmoja, mlinzi wa uwanjani, akamwambia.

"Na hiki kiti si cha mtu mzima, lakini mbona umekikalia?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema aketi, ila hatapiga kura. Yule mlinzi hakuwa amemaliza.

"Mimi nasemanga tu ukweli," akasema. "Kocha aliuza ng'ombe akanunua sungura. Na sungura mwenyewe hajui kuogelea."

Wakacheka tena, hata mimi mdomo wangu ulitaka kucheka. Kisha nikamwona yule mdogo. Alikuwa anavuta uzi kwenye ukingo wa sweta yake, polepole, na ule uzi ulikuwa unafumuka. Ndipo nikafahamu kwamba tangu msimu uishe tumekuwa tukimjadili kama kitu cha sokoni, na yeye ameketi pale pale.

"Mama Fundi," mwenyekiti akasema, "tuanzie kwako."

Nikasimama. Nitaandika nilichosema kadiri ninavyokumbuka, ingawa nadhani kilitoka vibaya zaidi.

Nilisema ya yule wa mkono wa kushoto kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtaja. Nilisema nimekaa kando ya uwanja msimu mzima na sikumbuki kikapu kimoja alichofunga, lakini nakumbuka kila aliyefunga alikuwa amepewa mpira na nani. Yule tuliyemtoa kwa ajili yake alikuwa anafunga, kweli, na wenzake walikuwa wanalia chooni. Hilo lilikuwa badilishano zuri, na aliyelifanya ni kocha huyu huyu.

Halafu nikasema ya Mrefu. Nilisema hatuwezi kuchukua Mrefu wa leo, tukamweka Januari, tukauliza kwa nini tulimtoa. Yule wa leo hatukuwa naye. Tulikuwa na msichana aliyesimama chini ya ringi mikono juu.

"Ni kweli," Mrefu akadakia. "Ningebaki hapa ningekuwa bado nguzo ya stima. Kule waliniambia kimbia. Nikawauliza, mimi? Wakasema kwani kuna mwingine anaitwa wewe?"

"Nani alikuwa anakuambia usimame?" yule mlinzi akauliza.

Mrefu akaangalia kofia yake. "Kocha," akasema. "Lakini pia ndiye alinifundisha kushika mpira. Sikuwa najua hata kushika."

Nikaendelea. Nilisema huyu mdogo tulimchagua uwanja ukiwa mkavu. Sote. Nilisema nilipiga makofi, na mwenyekiti alipiga vigelegele, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuuliza mvua ikija itakuwaje, ingawa tumezaliwa chini ya mvua hii. Sasa kumlaumu mtu mmoja kwa macho yetu sote si haki.

Ningeketi hapo. Ilikuwa mahali pazuri pa kuketi. Niliona bega la mume wangu likishuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na wasichana wawili watatu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa nimelijua tangu asubuhi kwenye cherehani, na nilikuwa nimezunguka nyumba nalo kama wale jogoo, nikitumaini lisahau njia.

Nikasema, "Lakini maji yale, anayeyafagia ni yeye. Sisi tunayaona. Yeye anayajua. Kama kuna mtu ambaye angekumbuka Machi akiwa Januari, ni yeye."

Mwenyekiti akakohoa. Akamgeukia yule mdogo, na nadhani alifanya hivyo kwa sababu hakujua pa kuangalia.

"Na wewe mwanangu, una neno?"

Yule mdogo akaacha uzi. "Kwetu uwanja uko mteremko," akasema. "Maji hayakai. Hakuna mtu aliniuliza kama nimewahi kucheza kwenye maji. Ningewaambia."

"Ungetuambia nini?"

"Kwamba naogopa kuanguka."

Hakuna aliyecheka.

Mume wangu alipoulizwa kama ana la kujitetea alisema hana. Alisema tu kwamba huyu mdogo asirudishwe kama hataki kurudi. Halafu wakapiga kura kwa mikono. Sikuinua mkono wangu upande wowote, nikajiambia aliyeongea hapigi kura, na sijui kama hiyo ilikuwa haki au uoga. Waliotaka aondoke walizidi kidogo. Baadhi yao walikuwa wanalia huku mkono uko juu. Mwenyekiti akasema yeye atashika timu mpaka kocha mwingine apatikane, na akasema mume wangu abaki kama mzazi wa timu, na ringi bado ni zake. Mume wangu akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anayerudishiwa kikombe.

Yule mlinzi wa utani alikuja akasimama mbele yake. "Kocha, mimi mdomo wangu unanitangulianga."

"Najua," mume wangu akamwambia. "Miguu ndiyo inakawianga. Fanyia hiyo kazi."

Nje mvua ilikuwa bado. Bodaboda hazikuwepo, na Mrefu na yule mdogo wote walikuwa wa kwenda Butali jioni hiyo. Nikawaambia waje nyumbani wangoje inyamaze. Tulipita kando ya uwanja. Maji yalikuwa yamejaa upande wa kushoto mpaka mstari wa katikati, na ringi ilikuwa imesimama mara mbili, moja juu na moja chini. Mume wangu alisimama. Nilidhani atachukua ufagio, umeegemezwa pale ukutani siku zote. Aliangalia tu. Wale wasichana walikuwa wametangulia chini ya karatasi kubwa ya plastiki waliyoifanya mwavuli, hapana, nadhani ilikuwa gunia la sukari lililopasuliwa. Mrefu alikuwa ameinama ili mwenzake asilowe.

"Ulisema kweli," mume wangu akaniambia.

"Ningeweza kuisema nyumbani kwanza, tukiwa wawili."

Akafikiri. "Ungeweza," akasema.

Tukatembea. Nilikuwa nangoja aseme lingine, linaloponya au linalochoma, na hakusema lolote. Hata sasa ninapoandika sijui. Kama ningeketi pale pahali pazuri, labda angekuwa bado kocha, na yule mdogo angerudi kwao akiamini kwamba kosa lilikuwa miguu yake. Au labda wangemtoa tu. Nikiliangalia jambo hili kesho nitajua zaidi, na kwa kujua zaidi nitakuwa mwongo zaidi kuhusu leo. Ndiyo maana naliandika sasa.

Binti yetu alikuwa amechinja kuku tangu mchana. Nilimwagiza asubuhi, nikifikiri itakuwa ama sherehe au matanga, na kuku anafaa yote mawili. Nyumba ilikuwa imejaa moshi na harufu ya kitunguu. Wasichana walivua viatu wakaketi karibu na jiko, nguo zao zikitoa mvuke, na Mrefu akaanza kumfundisha mwenzake jinsi ya kuanguka. Kweli kabisa. Alisema kule kwao walimfundisha kwanza kuanguka, kwa sababu mtu mrefu huanguka kutoka mbali. Wakawa wanaanguka kwenye mkeka, polepole, upande wa bega, wakicheka, na mume wangu akiwa kitini anasema, "Goti, angalia goti," kisha ananyamaza, kisha anasema tena.

Chakula kikaja. Binti yetu aliweka firigisi kwenye sahani ya baba yake, kama inavyowekwa siku zote. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, huna haja ya kuuliza. Zamani mwanamke alikuwa hata hagusi. Mume wangu aliiangalia. Akaishika kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye sahani ya yule mdogo, juu ya obusuma, ugali wetu.

"Sikukuuliza kuhusu maji," akamwambia.

Yule mdogo akaangalia firigisi, akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Akaila yote.

Jioni hii tulikula obusuma, ingokho, yule kuku, iliyochemshwa na kitunguu tu, na mboga ya mrenda iliyobaki jana. Mrefu alikula paja na shingo. Mume wangu alikula bawa.